Malalamiko: akwariamu ya mtumba mliyoniuzia kwa jina la "kioo safi"

Kwa meneja wa duka, na yeyote anayeshika simu ya mauzo,

Habari za kazi. Nawaandikia barua pepe kwa sababu kule WhatsApp kila nikituma picha najibiwa "sawa boss tunalifanyia kazi" halafu kimya, tiki mbili za bluu zipo, jibu hakuna, kwa hiyo nimeona niweke kila kitu sehemu moja ili mtu mwenye maamuzi asome mwenyewe badala ya kusimuliwa na vijana.

Nilinunua kwenu akwariamu ya mtumba, yaani tangi la kioo la kufugia samaki, ile ya sentimita 120 kwa 45 kwa 50, kioo milimita 10, pamoja na mfuniko na taa yake. Bei shilingi 450,000, nimelipa kwa lipa namba na risiti ya EFD ninayo. Kwenye tangazo mliandika hivi, nanukuu kama ilivyo: "Mtumba wa Ulaya, kioo safi hakina mkwaruzo, haivuji, wahi mapema". Skrinishoti nimeambatanisha hapa, maana nikienda kwenye ukurasa wenu sa hivi tangazo lile halipo tena, sijui lilikwenda wapi.

Tuelewane mapema jamani, silalamiki kwamba ni mtumba. Mi mwenyewe ni mtu wa mtumba, friji langu mtumba, kabati mtumba, na nayapenda. Kitu kilichotumika kina alama zake na ndo maana bei inashuka. Mngeniambia "kaka kioo cha mbele kimekwaruzika sana, chukua kwa laki mbili" tungeongea, pengine ningeichukua nikaiweka nyuma ya nyumba nikawa nakuzia vifaranga vya samaki humo, nani anaangalia mikwaruzo kwenye tangi la vifaranga. Ninacholalamikia ni kwamba mlijua, mkaficha, mkachukua hela ya kioo kizima.

Na nasema mlijua kwa sababu hii. Siku nimekuja dukani nilikuta kijana wenu anaipulizia na kuifuta kwa ndani, inameremeta, akasema "ndo natoka kuisafisha tajiri, umekuja muda muafaka". Nikaona hawa watu wako siriasi na kazi. Imeletwa nyumbani Jumamosi kwa kirikuu, nikaanza kuiosha kwa maji ya uvuguvugu na siki, maana pale juu kulikuwa na ule mstari mweupe wa chokaa ambao maji ya muda mrefu huacha kwenye kioo, na sabuni kwenye tangi la samaki huwa haiguswi. Nafuta kioo cha mbele kwa ndani, tishu inatoka na utelezi. Nafuta tena, utelezi. Nainusa, inanukia gari iliyotoka kuoshwa! Ile dawa ya kung'arishia dashibodi, ile ya kupuliza, harufu yake haijifichi. Na kila nilipokuwa naiondoa kioo kinaota mistari, mmoja, mwingine, mwingine, mpaka nilipomaliza kioo cha mbele kilikuwa kama kiganja cha mzee.

Kwa msiojua, au mnaojua mkajifanya hamjui: mkwaruzo unaonekana kwa sababu mwanga ukifika pale kwenye kimfereji unatawanyika, sasa ukijaza mfereji ule kitu cha mafuta mafuta ambacho kinapitisha mwanga karibu sawa na kioo, jicho halioni kitu, kioo kinakuwa kipya mpaka siku ya kuoshwa. Hiyo siyo usafi, huko ni kupaka. Na mmepaka kemikali ndani ya chombo ambacho mnajua kabisa samaki ataingia humo! Mafuta yakibaki yanapanda juu ya maji yanafanya utando, hewa inapita kwa shida, na hapo hata sijagusa suala la dawa yenyewe ina nini ndani. Mngekuwa mnauza kabati la vyombo sawa, hii ni akwariamu bwana.

Sasa mikwaruzo yenyewe, picha zipo lakini naeleza. Robo ya chini yote ina mikwaruzo ya upinde upinde, mingi, imepishana, na hiyo mtu yeyote anayefuga samaki anajua imetoka wapi: ni ile sumaku ya kusafishia kioo, imenasa chembe ya mchanga, mwenyewe akaendelea kusugua bila kuangalia. Mchanga ni mgumu kuliko kioo, ukisugua unachora. Juu yake kuna mistari iliyonyooka, inakwenda sambamba, hiyo ni ya wembe au kisu cha kukwangulia. Halafu upande wa kushoto chini kuna mmoja ndo unaoninyima raha, una urefu kama wa shibiri, unaanza juu kidogo ya maungio unateremka kwa mshazari mpaka karibu uguse silikoni, ile gundi inayoshikanisha vioo. Huo ukipitisha kucha, kucha inanasa. Ile midogo kucha inapita tu, huu inanasa kabisa.

Nilipompigia kijana wa mauzo akanijibu "jaza maji boss, haitaonekana". Nikajaza, ili asije akasema sikumsikiliza. Na nimtendee haki, kwa ile midogo yuko sahihi nusu, mkwaruzo ukiwa upande wa maji unafifia ukilinganisha na kioo kikiwa kikavu. Lakini ile ya wembe haikwenda popote, na nilipowasha taa, hiyo hiyo taa mliyoniuzia pamoja, mwanga unatoka juu unashuka na kioo, kila mstari unawaka. Mchana ni afadhali, usiku ukizima taa za sebuleni ukaacha ya akwariamu unaangalia mistari, samaki utamwona baadaye. Na subiri mwani uanze kuota, unajificha humo kwenye mifereji ambako sponji haifiki, baada ya muda unakuwa na michoro ya kijani.

Akaja na dawa nyingine. Dawa ya meno! Eti nipake dawa ya meno nisugue kwa kitambaa. Kaka, mkwaruzo unaonasa kucha hautoki kwa dawa ya meno hata ukimaliza katoni. Kuna poda ya kung'arishia vioo, seriamu oksaidi, mafundi wa vioo vya magari wanaijua, inafungwa kwenye drili yenye kipande cha sufi na unasugua taratibu huku unalowesha ili kioo kisichemke, na hata hiyo ni kwa mikwaruzo myepesi, ukiilazimisha kwenye mrefu unachimba bonde na ukiangalia samaki pale anavimba na kusinyaa anavyopita. Ingekuwa akriliki, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo, sawa, akriliki inapigwa msasa laini inarudi, lakini hiki ni kioo na mliandika wenyewe kwamba ni kioo.

Najua mtaniuliza, si uigeuze tu, mbele iende ukutani? Nilifikiria hilo kabla yenu. Kioo cha nyuma kimepakwa rangi nyeusi kwa nje, na boksi la filta ya kuchujia maji limegandishwa kwa silikoni kwenye kona ya nyuma ndani. Nikiigeuza nitakuwa nakaa sebuleni naangalia ukuta mweusi.

Na kwa nini nang'ang'ania hiyo sehemu ya chini? Kwa sababu samaki niliowaandalia ni wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, wengine hawafiki hata sentimita 5, kazi yao kutwa kuchimba mchanga, kuhamisha gamba, kugombana na jirani kwa sababu ya mpaka. Wazungu wanawaagiza kwa gharama kubwa na sisi ziwa liko kwetu Kigoma hapo wengi hatujawahi kuwaona. Maisha yao yote yako chini, vidole viwili vitatu juu ya mchanga. Yaani palepale kwenye mikwaruzo. Ningekuwa nafuga samaki wanaoelea juu pengine nisingeandika kwa hasira hivi, lakini hawa ukiharibu robo ya chini umeharibu kila kitu.

Tuache uzuri, twende kwenye usalama. Mmewahi kumwangalia fundi vioo anavyokata? Anachora mstari mmoja kwa almasi, mstari wenyewe hata haujaingia ndani, anabonyeza kidogo, tak, kioo kinafuata mstari. Kioo kinaanzia kuvunjika pale kilipochubuliwa. Sasa nyie mmeniletea kioo chenye mchubuko mrefu karibu na maungio ya chini, ambako ndiko maji yanasukuma kwa nguvu kuliko sehemu nyingine yoyote. Lita 1 ya maji ni kilo 1, humo zinaingia zaidi ya lita 230, ongeza kioo chenyewe kama kilo 55, ongeza mchanga na mawe, unazungumzia kilo 300 na ushee. Sisemi itapasuka kesho, inaweza ikakaa miaka. Ila mi nakaa ghorofa ya kwanza, chini yangu kuna mama ana saluni, madraya na nyaya za umeme zimejaa, nikalale usingizi gani? Maji nimeshayatoa yote, imekaa tupu, na samaki nimemwomba muuzaji anishikie.

Niliita fundi vioo aiangalie. Akasema kubadilisha kioo cha mbele inawezekana lakini siyo kazi ya kubandika na kuondoka, inabidi akate silikoni ya zamani aikwangue yote, maana silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani, na akishagusa kioo kimoja yeye hawezi kuapia maungio yaliyobaki, anashauri ifungwe upya nzima. Na silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, siyo ile ya bafuni, halafu iachwe ikauke mpaka ile harufu ya siki iishe ndipo ijazwe maji ya kujaribia. Gharama aliyonitajia nimeiweka kwenye kiambatanisho, msomee hapo.

Mara ya mwisho dada wa WhatsApp alinitumia picha ya risiti amezungushia duara yale maandishi ya chini, "mali ikishauzwa hairudishwi". Dada yangu, mi siirudishi kwa sababu nimeichoka. Nairudisha kwa sababu mlitangaza kitu kimoja mkaleta kingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumdanganya mteja kuhusu ubora na hali ya bidhaa, na Tume ya Ushindani ipo, malalamiko ya walaji wanayapokea. Sijafika huko na sipendi kufika huko, nina kazi zangu, lakini tangazo, risiti, video ya tishu inavyotoka na utelezi na meseji zote za dawa ya meno ninazo kwenye folda moja.

Ninachotaka ni hiki. Cha kwanza ndo ninachokipendelea, mje muichukue na mnirudishie 450,000 yangu pamoja na hela ya kirikuu. Kama hela imeshazunguka na hamna ya kurudisha kwa mkupuo, basi mgharamie kioo kipya cha mbele cha milimita 10 na kuifunga upya nzima kwa fundi tutakayekubaliana, na ikae hapo dukani kwenu imejaa maji angalau saa 24 nikija niione haivuji ndipo iletwe kwangu kwa gari yenu. Punguzo la "elfu hamsini ya soda" aliloniahidi kijana silihitaji, hilo tulifunge. Na kwenye matangazo yanayofuata andikeni tu ukweli, "ina mikwaruzo", wateja wa tangi la vifaranga wapo wengi na watanunua.

Nawapa siku 7 za kazi kuanzia leo, majibu yaje kwa barua pepe hii siyo kwa voisi noti. Nikikosa jibu la maana, folda inakwenda Tume kama ilivyo.

Mkija kuichukua njooni na watu wanne wenye mikono mitupu, maana siku ile kijana aliyeshika kona ya nyuma alikuwa anapandisha ngazi kwa mkono mmoja huku anaongea na simu, na sitaki kuambiwa baadaye kwamba imevunjikia kwangu.

Asanteni,
Mteja wenu wa akwariamu ya 120, Tabata