Muhogo na kompyuta ya 1960

Mhariri,

Makala za kompyuta na kilimo huanzia kwenye simu za mkononi, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Mwaka 1960 mtaalamu wa mimea wa Marekani, David Rogers, na Taffee Tanimoto wa kampuni ya kompyuta ya IBM walichapisha katika jarida la Science programu ya kuainisha mimea. Ililinganisha mimea miwili miwili: inafanana kwa sifa ngapi, inatofautiana kwa ngapi. Jicho la mtaalamu likapata mizani.

Na Rogers alikuwa mtu wa muhogo! Mchungu na mtamu, uliowahi kupewa majina ya spishi mbili, yeye aliuhesabu spishi moja. Sisi tunaouanika makopa huku tungependa kusoma habari zake gazetini.

Msomaji wenu,
Mtwara