Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Takataka, Milango na Wageni

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awaeleze wanachama kila mwaka jinsi kazi za chama zilivyokwenda. Kwa kawaida taarifa hii huanza na mikutano. Mikutano ilifanyika, akidi ilitimia, na hesabu atazisoma mhazini mwenyewe. Nafasi niliyopewa nataka kuitumia kwa jambo lililokula muda mwingi wa kamati kuliko yote mengine yakiwekwa pamoja, yaani takataka, viungo vya matangazo na uharibifu mwingine, zinazomwagwa kwenye wiki yetu, tovuti yetu ya makala ambazo yeyote anaweza kuzihariri.

Wenye mazoea ya kufungua "Mabadiliko ya karibuni", ukurasa unaoorodhesha kila kilichohaririwa, asubuhi wanajua ninachosema. Akaunti mpya inafunguliwa, jina lake ni herufi na tarakimu zilizobananishwa bila mpango. Inaanzisha ukurasa wa mtumiaji na kujitambulisha kwa Kiingereza: ni mama wa makamo, anapenda bustani, ana paka. Aya ikikaribia kuisha, kiungo cha kubeti. Baada ya muda mfupi inakuja akaunti nyingine, bustani ileile, paka yuleyule, ila sasa kiungo ni cha mikopo ya haraka. Ikifuata ya tatu, ni vidonge vya kupunguza uzito. Hizo ndizo zinazoonekana. Zipo zenye ujanja zaidi. Katika makala yetu ya pampu ya mkono, mtu alibadilisha kitu kimoja tu, nukta ya mwisho wa sentensi. Aliigeuza kiungo. Ukisoma makala huoni chochote. Ukiweka kielekezi cha kipanya juu ya ile nukta ndipo inapojitokeza anwani ya kasino. Aliyeigundua ni mwanachama mwenye tabia ya kufungua ukurasa wa tofauti, unaolinganisha toleo la zamani na jipya, hata kwa mabadiliko ya herufi moja. Tunamshukuru kwa tabia hiyo, ingawa najua nyumbani kwake haisifiwi.

Wengi mmeniuliza: upuuzi huu nani atausoma? Hasomi mtu, na aliyeuweka hatarajii usomwe. Umeandikiwa injini za utafutaji. Google ilianza mwaka 1998 kwa wazo kwamba kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine kinaweza kuhesabiwa kama kura: anayetajwa na wengi, hasa wenye heshima, anapanda juu katika matokeo. Wazo zuri, na papo hapo likazaa biashara ya kura za wizi. Mahali ambapo yeyote anaweza kuandika pakawa mahali pa kupigia kura hizo bure. Mwaka 2005 Google, Yahoo na MSN walitangaza kuitambua alama iitwayo nofollow, inayoiambia injini isikihesabu kiungo fulani. Wikipedia ya Kiingereza iliiwashia viungo vyake vya nje mwaka 2007. Wiki yetu nayo inayo. Kwa maneno mengine, anayemwaga viungo kwetu anaambulia patupu, au anaambulia kidogo sana, maana mwaka 2019 Google walisema sasa wanaichukulia alama hiyo kama dokezo, si amri.

Mbona basi hawaachi? Kwa sababu hakuna anayeketi na kupima kama kwetu kunalipa. Programu imepewa orodha ya tovuti zinazotumia mfumo uleule wa wiki. Inapita moja baada ya nyingine, inajaza fomu, inabandika, inaondoka. Kuongeza tovuti moja kwenye orodha hakugharimu kitu, na kuiondoa kunahitaji mtu aamue kuiondoa. Nawaomba mlielewe hili vizuri, kwa kuwa nimesikia minong'ono kwamba kuna mtu anatuandama, hata majina ya wanachama wa zamani yakatajwa. Hakuna anayetuandama. Sisi ni mstari katika faili la mtu asiyetujua.

Ukishajua hivyo, namna ya kujilinda inabadilika. Kamati ilijiwekea kipimo kimoja kwa kila pendekezo lililoletwa mezani: je, hatua hii inaisumbua roboti, yaani ile programu, au inamsumbua mgeni aliyekuja kusahihisha kosa la tahajia? Zipo hatua zinazowasumbua wote wawili, na ukizichunguza, mara nyingi roboti ndiyo inayosumbuka kidogo.

Mfano wake ni kapcha ya picha, lile fumbo la herufi zilizopindwa unalotakiwa kulisoma ili kuthibitisha kwamba wewe ni mtu. Jina na dhana hiyo vilisambazwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa muda ilifanya kazi. Siku hizi kompyuta zinasoma herufi zilizopindwa vizuri kuliko mwenyekiti wenu mwenye miwani, na zinaposhindwa, kuna watu wanaolipwa ujira mdogo kuzitatua siku nzima kwa niaba ya wamwagaji. Anayebaki nje ni mtu mwenye simu ndogo na macho yaliyochoka. Tuliiondoa. Mahali pake tumeweka swali la kuandika, kwa Kiswahili, linalohusu wiki yenyewe, ambalo jibu lake lipo kwenye ukurasa wa mwanzo. Kwa mtu ni jambo la kusoma mistari miwili. Kwa programu iliyoandikwa kwa ajili ya maelfu ya tovuti, swali ambalo halipo popote pengine ni ukuta. Jibu likivuja, tunabadilisha swali. Kazi ya kutunga maswali amepewa katibu msaidizi, na mengine yanachekesha kuliko inavyostahili.

Tumeongeza pia kichujio cha kuhariri, yaani sheria zinazokagua kila hariri kabla haijahifadhiwa. Sheria yake ya kwanza, na hadi sasa ndiyo yenye faida kubwa, inasema hivi: akaunti iliyofunguliwa muda mfupi uliopita, ambayo hariri yake ya kwanza inaanzisha ukurasa na kuweka kiungo cha nje, isimame kwanza na kuonyeshwa onyo. Angalieni kwamba hatujapiga marufuku maneno. Wapo waliopendekeza orodha ya maneno ya kukataliwa, na kamati ilikataa, kwa sababu neno "mkopo" lina haki kamili ya kuwepo katika makala ya vikundi vya kuweka akiba. Tabia ya roboti inajulikana kuliko msamiati wake. Viungo vyenyewe vina orodha yao nyeusi, na kila kikoa, yaani jina la tovuti, tunachokikuta tunakiongeza huko.

Suala la anwani za IP, namba zinazotambulisha kifaa au mtandao kwenye intaneti, lilileta mvutano. Hoja ya kuzuia ilikuwa rahisi: uharibifu unatoka mtandao fulani, ufungeni mtandao huo. Lakini kufunga fungu la ukubwa wa /16 ni kufunga anwani 65,536 kwa mkupuo. Tena kampuni za simu, kwa uhaba wa anwani za mfumo wa zamani wa IPv4, huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja. Unamzuia mmoja aliyeharibu, unawazuia mamia ambao hawajawahi kutujua. Wakifika wanakuta tangazo kwamba wamezuiwa kwa uharibifu, nao hawajaandika hata nukta. Hatutapata malalamiko yao, kwa sababu hawatarudi kulalamika. Uamuzi ni kwamba anwani moja inaweza kuzuiwa kwa muda mfupi na mkabidhi yeyote, yaani mwanachama aliyepewa mamlaka ya kuzuia na kulinda kurasa. Fungu la anwani ni lazima wakabidhi wawili wakubaliane, na zuio liwe na tarehe ya mwisho.

Nifike kwenye pendekezo lililotugawa: kufunga kabisa uhariri kwa wasio na akaunti, na akaunti mpya ziidhinishwe na kamati moja moja. Waliolileta si watu wa kubezwa. Ni walewale wanaofagia kila usiku. Walitukumbusha kwamba Wikipedia ya Kireno iliwafungia wasio na akaunti mwaka 2020, na kwamba Wikipedia ya Kiingereza, baada ya kashfa ya wasifu wa uongo wa mwandishi wa habari John Seigenthaler mwaka 2005, iliwazuia wasiojisajili kuanzisha makala. Hata ile wiki ya kwanza kabisa, aliyoifungua Ward Cunningham tarehe 25 Machi 1995, leo inasomwa tu, haihaririwi. Hoja nzito.

Nilipiga kura ya kulipinga, na nina wajibu wa kusema kwa nini. Mwaka 2013 Aaron Halfaker na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Wikipedia ya Kiingereza, ambayo wahariri wake hai walifikia kilele mwaka 2007 kisha wakaanza kupungua. Walionyesha kwamba vile vyombo vya kupambana na uharibifu, na ukali wa kanuni zilizowekwa kulinda ubora, vilikuwa vikiwafukuza wageni wenye nia njema waliotenguliwa kazi zao za kwanza. Wikipedia ya Kiingereza ilikuwa na wahariri wa kutosha kumudu hasara hiyo. Sisi hatuna. Takataka inafutika kwa kubonyeza mara moja, na toleo la jana bado limo katika historia ya ukurasa. Mwandishi aliyekatishwa tamaa hana kitufe cha kumrejesha. Pendekezo lilishindwa kwa tofauti ndogo, na sina shaka litarudi.

Sehemu ya makubaliano iliyoungwa mkono na pande zote ni kwamba kurasa chache zilindwe: ukurasa wa mwanzo, violezo, yaani vipande vya ukurasa vinavyotumika kila mahali, na makala zinazohusu usalama wa mtu. Hapo kwenye usalama ndipo nilipopoteza usingizi mwaka huu, wala si kwa sababu ya roboti. Katika makala ya kuchaji betri ya asidi ya volti 12, palikuwa pameandikwa kwamba chaja isizidi takriban volti 14.4. Mtu asiye na akaunti aliifanya 24.4. Tarakimu moja. Hakuweka kiungo, hakutukana, hakufuta aya. Kichujio hakikuona sababu ya kusimama, na jicho la haraka linapita tu. Msomaji anayefuata maelekezo hayo anaichemsha asidi ya betri na kuijaza chumba gesi ya hidrojeni, na cheche moja inatosha kuilipua. Kosa la kidole au hila, hatutajua kamwe, na kwa msomaji hakuna tofauti.

Kinachonasa uharibifu wa aina hiyo ni mtu anayeijua mada. Ndiyo maana kamati imeanza kugawa makala za hatari kwa wanachama wenye ujuzi wake, kila mmoja aziweke kwenye maangalizi yake, orodha ya kurasa anazozifuatilia, na kukagua kila mabadiliko ya namba. Fundi umeme wetu amechukua betri na nyaya. Makala za dawa za wadudu bado hazina mtu. Ukiwa na ujuzi huo, usingoje kuombwa.

Juu ya wafagiaji, sina budi kusema neno. Mwanzoni mwa mwaka mzigo wote ulikuwa mabegani mwa watu wachache, wawili wao wakiwa macho usiku ili takataka isilale. Mmoja ameomba kupumzika na tumemruhusu bila kumhoji. Takataka ikilala hadi asubuhi hakuna atakayekufa. Imeandikiwa injini za utafutaji, na nazo tumeshazipa ishara ya kutoijali. Kuanzia sasa kuna zamu, na asiye zamuni alale. Tumewapa pia chombo cha kufuta kwa pamoja kurasa zote zilizoanzishwa na akaunti moja, kazi ambayo zamani ilifanywa ukurasa kwa ukurasa.

Nimeona katika kurasa za majadiliano baadhi yetu wakibishana na waharibifu. Roboti haijibu. Kijana aliyeandika tusi kwenye makala ya baiskeli ili awaonyeshe rafiki zake anataka hasa ujibu, na ukimjibu kwa hasira umemlipa. Tengua, andika "imetenguliwa" kwenye muhtasari, endelea. Akirudia, onyo la upole mara moja. Akirudia tena, zuio. Mmoja wa namna hiyo, baada ya onyo la upole, aliuliza jinsi ya kuweka picha, na leo picha za makala ya breki ni zake.

Mambo mengine kwa ufupi. Nakala ya hifadhidata sasa inahifadhiwa pia nje ya seva, kwa mashine tofauti. Programu ya wiki imesasishwa. Tulikuwa nyuma kwa matoleo kadhaa na matundu ya usalama yaliyokwisha kutangazwa. Ombi la kubadilisha nembo limeahirishwa.

Mkutano mkuu utaombwa kupiga kura juu ya mambo mawili: kwamba wakabidhi wahudumu kwa kipindi maalumu badala ya bila kikomo, na kwamba kila zuio linalozidi siku saba liorodheshwe hadharani pamoja na sababu yake. Anayetaka kuongeza ajenda amwandikie katibu kabla ya notisi ya mkutano kutolewa. Nafasi za zamu ya usiku bado ziko wazi, na orodha ya kujiandikisha iko kwenye ukurasa wa kamati, ambao, naam, umelindwa. Mwombeni mkabidhi yeyote awaandike.

Wenu,
Mwenyekiti