Barua ya kufunga shule, Desemba (someni mpaka mwisho)

Wazazi na walezi wangu, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari zenu.

Muhula umeisha. Matokeo ya darasa la saba yamebandikwa nje ya ofisi, wamefanya vizuri, hongereni. Ripoti za wengine watoto wanazo, kama hujaiona ujue imefichwa begini.

Sasa lililonikalia moyoni. Mnajua darasa la tano tuna mtoto mwenye kisukari, ile ya sindano, jina silitaji ila mama yake kaniruhusu niandike. Mwezi wa kumi, siku moja saa nne na nusu, mtoto akaanza kutoka jasho, anatetemeka, anaongea hayaeleweki, mwalimu wa zamu akadhani malaria akataka akamlaze. Wasichana wawili anaokaa nao dawati moja wakasema hapana mwalimu, huyu sukari imeshuka! Mmoja akakimbilia sukari ya chai yetu walimu, vijiko vitatu kwenye maji, wakamnywesha kwa vile alikuwa bado anaweza kumeza, mwenzake akatoa mashine begini akampima, 2.6, na ikishuka chini ya 4 tu ni hatari. Wakasubiri robo saa, wakapima tena, imepanda, ndo wakamtafutia chapati. Nesi alikuja mara moja tu mwezi wa saba kuwafundisha, sisi walimu tumeinamia madaftari, kumbe wao wanasikiliza. Mstarini niliwapigia makofi mpaka viganja vikauma na machozi sikuyaficha.

Ila kwa nini sukari ilishuka? Mtoto huyu anachomwa insulini, dawa ya kushusha sukari, asubuhi nyumbani, na dawa ikishaingia mwilini haimsubiri mtu, chakula lazima kifuate kwa saa yake. Siku ile uji haukupikwa. Mwenye duka aligoma kutukopesha unga, na lile deni ni lenu. Najua mtasema elimu bure, sawa, ada hakuna, lakini uji tulikubaliana wenyewe kikaoni, 5,000 kwa mwezi, mkanyoosha mikono juu! Mama wa huyu mtoto anauza vitumbua, friji hana, insulini anaiweka kwenye kopo ndani ya mtungi wa maji isiharibike na joto hili la Dar, vile vijiti vya kupimia anavitumia kwa kuhesabu maana ni ghali, na uji kalipa mpaka Desemba. Wewe mwenye bodaboda mbili unaniambia hali ngumu? Majina ya wanaodaiwa nitayasoma kwenye kikao cha Januari, na sitasoma kwa sauti ya chini.

Kuna jingine limeniuma zaidi. Wavulana watatu wa darasa la sita walimpora begi, wakarushiana sindano zake huku wanamwita teja. Teja! Mtoto anayejichoma ili aishi. Nimewaita wazazi, wawili wakaja, wa tatu kanitumia meseji eti utani wa watoto. Wa tatu, mwanao haingii darasani Januari mpaka nikuone wewe, sio shangazi yake. Na yule aliyeandika kwenye grupu mtoto ahamishwe asije akaambukiza wenzake, kisukari hakiambukizi, wala hakikuletwa na pipi, kongosho lake ndo limeacha kutengeneza insulini, akikosa sindano siku chache tu tunampoteza. Kwa hiyo hahami.

Halafu wenye watoto, mtoto akianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa kila saa, anakonda wakati anakula, au mkubwa mzima ameanza tena kukojoa kitandani, acheni fimbo, mpelekeni akapimwe sukari siku hiyohiyo. Huyu wetu alichapwa wiki mbili kwanza.

Sare zifuliwe, nywele zinyolewe. Sikukuu njema.

Mwalimu Mkuu

NB: Aliyeazima sufuria kubwa la uji siku ya mahafali alirudishe, namjua.