Ziwa Lipo Mlangoni, Kwa Nini Mnatuuzia Maji?

Lalamiko hili hutufikia mara kwa mara sisi wenye duka la matangi ya samaki na matumbawe ya baharini, na safari hii limekuja na neno "wizi" ndani yake, ndiyo maana tumeamua kulijibu kwa maandishi. Mteja wetu mmoja wa Isamilo, hapa Mwanza, ambaye tulimfungia tangi la lita 300 na kumuuzia vipande vya matumbawe vilivyooteshwa, alifika dukani amevibeba vipande hivyo kwenye bakuli la plastiki, vyeupe na vyenye harufu kali. Alidai kwamba tulimuuzia viumbe waliokwisha kufa na kwamba, juu ya hayo, kila wiki tulikuwa tukimtoza fedha za maji ilhali sebule yake inatazama Ziwa Victoria. Tulimsikiliza mpaka akamaliza, kisha fundi wetu akafuatana naye hadi nyumbani akiwa na vipimo.

Kipimo cha chumvi kilionyesha gramu 35 kwa lita, yaani sawasawa na bahari, na mteja akaona ushahidi umekwisha kumtetea. Fundi aliendelea kupima. Magnesiamu ilikuwa chini ya nusu ya miligramu 1,300 kwa lita tunazozitarajia, kalsiamu ilikuwa imeporomoka kutoka zaidi ya 400 hadi karibu 200, na alkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ilisoma digrii 5 mahali ambapo tulikuwa tumeiacha kwenye 8. Mwani wa nyuzi ulikuwa umeota kwenye mdomo wa pampu hata maji yakawa yanatoka kwa kuchuruzika. Ndipo ilipojulikana kwamba kwa karibu miezi miwili, ili kuepuka gharama yetu, alikuwa ameacha kununua maji yetu na akibadilisha maji ya tangi kwa maji ya bomba yaliyokorogwa na chumvi ya jikoni.

Chumvi ya Uvinza, mkoani Kigoma, ni chumvi nzuri, na sisi wenyewe tunaipikia sangara. Hata hivyo, chumvi ya jikoni, iwe ya Uvinza au ya kwingineko, karibu yote ni sodiamu na klorini. Katika maji ya bahari viwili hivyo ni takriban asilimia 85 ya chumvi yote, na sehemu iliyobaki, yenye magnesiamu, kalsiamu, potasiamu, salfati na kaboneti, ndiyo inayolifanya tumbawe lijenge mifupa yake. Kifaa cha kupimia chumvi hakitofautishi kilichomo. Kinasoma uzito wa maji peke yake. Kila wiki mteja alipotoa lita 30 nzuri na kurudisha lita 30 za aina yake, sehemu ya kumi ya madini iliondoka bila kurejeshwa, huku kifaa kikiendelea kumwambia kwamba mambo ni mazuri.

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake laini huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho. Mnyama akisumbuliwa na joto, maji mabaya au mwanga uliobadilishwa ghafla, huutema mwani huo na kubaki mweupe. Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya pwani yetu, yakiwemo ya Mafia, yakapauka na kufa. Kupauka peke yake hakujawa kifo: mkiona utando mwembamba bado umefunika mifupa na minyiri inachomoza usiku, tupigieni simu siku hiyohiyo, kwa maana tumbawe la namna hiyo linaweza kurudi katika hali yake baada ya majuma kadhaa. Yale ya kwenye bakuli yalikuwa mifupa mitupu.

Sasa turudi kwenye maji yenyewe. Maji ya bomba ya Mwanza hutoka ziwani, husafishwa na kutiwa klorini, na hatuna neno nayo kwa kunywa wala kupikia. Tatizo ni kwamba ziwa hili limekuwa likipokea mbolea za mashambani na taka za mijini kwa miaka mingi, na kila anayepita ufukweni akaona maji yamegeuka kijani anafahamu kuna virutubisho vya kutosha kulisha mwani. Fosfati ni mojawapo ya virutubisho hivyo, na binadamu hadhuriki na kiasi kidogo kilichobaki kwenye bilauri yake. Tangi la matumbawe, ambalo tunataka fosfati yake isizidi sehemu ndogo ya miligramu moja kwa lita, hugeuka shamba la mwani.

Wateja wengi hutuambia kwamba huacha maji kwenye ndoo wazi usiku kucha, na wengine huyachemsha. Klorini huondoka kweli. Fosfati, nitrati na silika hubaki palepale, na anayechemsha kwa muda mrefu huzidi kuzikoleza kwa kuwa mvuke unaondoka na maji matupu. Maji ya mvua ndiyo yanayotutia hofu zaidi, kwa sababu paa za mjini kwetu ni za bati lililopakwa zinki, na zinki, kama ilivyo shaba, ni sumu kwa wanyama wasio na uti wa mgongo hata ikiwa kidogo sana. Mama mmoja wa Nyegezi alipoteza konokono na kamba wake wote baada ya mvua za kwanza za msimu, naye alikuwa amekinga maji hayo kwa uangalifu mkubwa, kwa ndoo mpya kabisa.

Maji tunayouza hupitishwa kwenye mashine ya RO, inayoyasukuma kwenye utando unaozuia uchafu, kisha kwenye resini, yaani punje zinazonasa madini yaliyobaki, mpaka kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kisome sifuri. Kwa kila lita moja safi inayopatikana, lita tatu hadi nne hutupwa zikiwa zimebeba uchafu, na bili ya hizo zinazotupwa tunailipa sisi. Resini ikichoka hubadilishwa, na utando vilevile. Chumvi ya bahari tunayochanganyia, ambayo huhitajika gramu 38 hivi kwa lita, husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na mfuko ukitoboka njiani hufika umeganda kama saruji na hatuuzi. Anayeona bei yetu ni kubwa ana haki ya kuuliza, lakini tunamwomba ahesabu pia bei ya matumbawe aliyokwisha kuyazika. Wapo wanaopendekeza tulete maji ya bahari yenyewe kwa madumu. Hao tunawakumbusha kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja na nauli hutozwa kwa kilo.

Kosa jingine, ambalo hufanywa hata na walionunua maji mazuri, ni kujazia pengo la maji yaliyokauka kwa maji ya chumvi. Maji yanapokauka chumvi haiondoki, kwa hiyo kinachorudishwa lazima kiwe maji safi matupu. Hoteli moja ya ufukweni ilikuwa na mhudumu mwenye bidii aliyejazia lita nne za maji ya chumvi kila asubuhi katika tangi la lita 300. Lita nne zina gramu 140 za chumvi. Kwa wiki tatu hizo ni karibu kilo tatu, na tulipoitwa tukakuta kipimo kimepanda kutoka 35 hadi kugusa 45. Uongozi ulikuwa umeshaandika barua ya kutulalamikia kuhusu taa, ukidhani kosa liko huko.

Dawa za samaki tutazisema kwa ufupi: dawa yenye shaba haimwagwi kamwe kwenye tangi lenye matumbawe. Samaki mwenye madoa meupe huhamishiwa tangi la pembeni na kutibiwa huko.

Kuhusu umeme, wateja waliohamia kutoka pwani hushangaa tunaposisitiza betri ya pampu. Mwanza iko mita zaidi ya 1,130 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko Tanga au Dar es Salaam. Umeme ukikatika usiku, wakati mwani nao unavuta oksijeni badala ya kuitoa, tangi lililosimama kimya huanza kukosa hewa mapema. Taa zinaweza kusubiri hata siku nzima. Pampu ya mawimbi haiwezi kusubiri, na betri ndogo yenye inverta huiendesha hadi asubuhi.

Kuanzia sasa hatutauza kipande cha tumbawe kwa mteja ambaye hatujapima maji ya tangi lake ndani ya wiki hiyo, hata kama tangi tulilifunga sisi, na majibu ya vipimo yataandikwa kwenye risiti ili kusiwe na mabishano baadaye. Kupima ni bure. Leteni maji kwenye chupa iliyosuuzwa kwa maji ya tangi lenyewe bila sabuni, ijazwe hadi mdomoni isibaki hewa, na ifike dukani siku hiyohiyo. Ndugu yetu wa Isamilo ameshaleta chupa yake. Alkali imefika 7, tunaipandisha polepole isizidi digrii moja kwa siku, na vipande vipya atavichukua ikitulia kwenye 8.