Mguu mmoja ukiwa mzito, mwili hujipanga upya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge dhana iliyozoeleka kwamba mtu anayechechemea akiwa na plasta mguuni anaogopa maumivu tu, au anadeka. Uzito wenyewe una kazi yake. Mguu wenye plasta huchukua muda mrefu zaidi kupita hewani, kwa kuwa misuli hulazimika kutumia nguvu zaidi kuurusha mbele na kisha kuuzuia kabla kisigino hakijagusa ardhi. Wakati huo wote mguu mwepesi ndio unaobeba mwili, na ndiyo maana hukawia zaidi chini.

Mahali mzigo ulipo napo ni pa kuzingatiwa, maana kilo 1 iliyofungwa kifundoni huchosha kuliko kilo hiyohiyo ikiwa pajani, karibu na nyonga.

Linalonivutia zaidi ni kwamba ubongo, hasa sehemu yake ya kisogoni iitwayo serebela, hurekebisha mwendo hatua kwa hatua bila mtu kuamua lolote, kiasi kwamba mzigo ukiondolewa ghafla, mguu huo huweza kunyanyuka kupita kiasi kwa hatua kadhaa kabla ya kutulia.

Kwa hiyo wanaodai kwamba mguu bandia sharti ulingane uzito na wa asili (dai linaloonekana la haki kabisa) wafikiri upya. Mguu bandia kwa kawaida huwa mwepesi zaidi, na kuuongezea uzito hadi ulingane huelekea kumchosha mtumiaji na kuzidisha tofauti ya hatua zake.

Ni mimi, msomaji wako.