Programu mpya ya injini ije na karatasi na dhamana

Mhariri,

Mwenye gari la dizeli akiambiwa kwamba mtengenezaji ametoa programu mpya ya kompyuta ya injini ili kupunguza moshi wenye sumu, swali lake huwa moja: nikikubali, gari langu litabaki lilivyokuwa? Mara nyingi hujibiwa kwamba hilo ni agizo la kiwandani na hakuna kitakachobadilika. Wengine hata hawaulizwi. Gari linapelekwa kubadilishwa oili na kurudi na programu nyingine, bila karatasi yoyote. Sisi tunaoshika kompyuta za magari kila siku tunasema wazi kwamba hofu ya wenye magari ina msingi, na jibu wanalopewa si la kweli.

Kwenye injini ya dizeli kuna mambo mawili yasiyopatana, yaani gesi za NOx (oksidi za nitrojeni, zenye sumu) na masizi. Joto kali ndani ya silinda huzalisha NOx, na ukilipunguza joto hilo, masizi huongezeka. Njia iliyozoeleka ya kulipunguza ni kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini kupitia vali ya EGR. Programu ya kupunguza NOx kwa kawaida huiamuru vali hiyo ifunguke zaidi, tena katika hali nyingi zaidi za uendeshaji. Masizi ya ziada lazima yaende mahali. Mengine hushika kwenye EGR yenyewe, kwenye kipoozeo chake na kwenye manifoldi ya hewa, yakachanganyika na mvuke wa oili mpaka yakawa kama lami. Yaliyobaki huenda kujaa DPF, kile kichujio cha kwenye ekzosi chenye vitundu kama sega la nyuki.

DPF hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto la takribani nyuzi 600. Ili kulifikia joto hilo, kompyuta hupuliza dizeli ya ziada mwishoni mwa mzunguko wa silinda ili ikaungulie kwenye ekzosi. Kazi hiyo huhitaji kama dakika 15 hadi 20 za mwendo usiokatika. Sasa liweke gari hilo kwenye Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni, kutoka Buguruni kwenda Ubungo. Uchomaji unaanza, foleni inasimama, dereva anafika na kuzima. Kesho inakuwa hivyohivyo. Dizeli ambayo haikuungua huteremka pembeni mwa ringi na kuingia kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili unakuta oili imepita alama ya juu na inanuka dizeli. Mwenye gari anafurahi kwamba gari halili oili, kumbe oili imekuwa nyepesi na beringi na taabo (turbo, inayosukuma hewa ndani ya injini) zinasagika. Ukiona oili imepanda, imwage na uweke mpya yenye majivu kidogo, daraja la C3 au lile lililoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Usisubiri kilomita zitimie.

Suala hili halikuanzia kwetu. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen iliweka programu inayotambua gari linapopimwa, ikapunguza NOx wakati wa kipimo tu. Magari yaliyohusika duniani yalikuwa takribani milioni 11. Ulaya, tiba kubwa ya injini za EA189, zile za dizeli za Volkswagen zilizohusika, ilikuwa programu mpya. Za lita 1.6 zilifungwa pia kibomba cha plastiki chenye wavu mbele ya sensa ya hewa, ili hewa iingie ikiwa imetulia na sensa isome sawasawa. Ujerumani iliifanya kazi hiyo kuwa ya lazima, na aliyekataa aliweza kufutiwa usajili wa gari. Baada ya hapo ndipo wenye magari wengi walipolalamika kuhusu EGR kuziba, DPF kujichoma mara kwa mara na gari kukosa nguvu ghafla.

Kuna hukumu moja ambayo mtu wa Dar es Salaam anapaswa kuijua. Tarehe 14 Julai 2022, katika kesi zilizotoka Austria, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliangalia programu ya magari ya Volkswagen ambayo udhibiti wake wa NOx ulifanya kazi kikamilifu pale tu joto la nje lilipokuwa kati ya nyuzi 15 na 33, na gari likiwa chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mahakama ilisema huo nao ni ujanja wa aina ileile iliyokatazwa. Na programu hiyo ilikuwa imekuja na sasisho lenyewe, lile lililoletwa kama dawa.

Chukua nambari hizo uzilete hapa. Mchana wa Februari, sensa ya joto la nje iliyo nyuma ya bampa juu ya lami ya Tabata inapita nyuzi 33 bila shida. Gari lenye programu ya namna hiyo litakuwa na tabia moja alfajiri na nyingine saa nane mchana, na likipanda Kitonga kwenda Iringa litabadilika tena. Fundi asiyejua atabadilisha sensa, kisha EGR, kisha ataigeukia taabo, na pesa ya mteja inaisha. Watengenezaji wa ng'ambo hawakuandika programu zao wakifikiria joto letu wala dizeli yetu. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, wakati Ulaya mwisho ni 10.

Hatusemi mtu akatae. Moshi wa magari unavutwa na watoto wanaovuka barabara kwenda shule, na gari chafu ni chafu. Tunakataa pia dawa inayouzwa sana mjini ya kutoboa DPF, kuziba EGR na kuiandika upya kompyuta isione. Kazi hiyo humwaga masizi yote hewani, na programu zake nyingi hazijulikani zimetoka wapi. Tunachotaka ni kazi ifanywe inavyotakiwa.

Kabla ya kuguswa kwa kompyuta, mwombe fundi akusomee nambari ya programu iliyopo, ile inayoitwa CALID, pamoja na CVN yake, yaani nambari ya kuhakiki kama programu imeguswa. Hata kifaa cha bei nafuu cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia gari kwa kompyuta, kinaweza kuzisoma kwenye magari mengi. Piga picha, na upige tena baada ya kazi. Kama zote mbili hazijabadilika, hakuna kilichofanyika. Soma pia makosa yaliyohifadhiwa, kiasi cha masizi na majivu ndani ya DPF, na tofauti ya presha mbele na nyuma yake injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. DPF iliyokwisha kujaa majivu haitaponywa na programu, maana majivu hayaungui. Hiyo inafunguliwa na kuoshwa kwanza. EGR iliyoganda nayo isafishwe kwanza, la sivyo vali itaamriwa ifanye kazi zaidi ikiwa imekwama, na lawama ataibeba mwenye gari.

Umeme ndio unaoua kompyuta nyingi. Wakati wa kuandika programu, volti zisiteteme. Tumia chaja maalumu inayoshikilia takribani volti 13.5 na yenye uwezo wa ampea 50 au zaidi, si chaja ya kawaida ya kuamshia betri. Kiyoyozi, taa na redio vizimwe. Kompyuta ya fundi iwe na chaji yake na iunganishwe kwa waya, maana umeme ukikatika katikati ya kazi, kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inaweza kubaki haisomeki kabisa. Baada ya hapo fundi ahakikishe kodi zilizochorwa juu ya kila noza (kinachopuliza dizeli ndani ya silinda) zimo kwenye kompyuta kama zilivyokuwa. Zikipotea, injini itagonga na kutoa moshi, na mtu ataambiwa noza zimekufa.

Siku chache za mwanzo, lipeleke gari mahali penye nafasi. Kutoka Kibaha kuelekea Chalinze alfajiri panatosha: kilomita 60 hadi 80 kwa saa, gia ambayo injini inazunguka juu ya 2,000, dakika 20. Ukisikia sailensa imepanda au feni inanguruma baada ya kufika, uchomaji unaendelea. Usizime.

Kwa wakala wanaosambaza masasisho haya tunaomba mambo mawili, na tunaiomba Tume ya Ushindani iyasimamie kama haki ya mlaji. La kwanza ni karatasi yenye CALID ya zamani na mpya, sababu ya sasisho, na sehemu zitakazofanya kazi zaidi, itolewe kabla mteja hajasaini. La pili ni dhamana ya maandishi ya EGR na kipoozeo chake, DPF na noza, kwa muda na kilomita zilizotajwa, kwa kila gari lililopimwa likakutwa zima kabla ya sasisho. Wakala asiyekuwa tayari kutoa hiyo karatasi aliache gari na programu yake ya zamani.

Mafundi wa umeme wa magari,
Ilala, Dar es Salaam