Swahiba, hizi profaili zitanitoa roho

Songea, Jumapili jioni

Swahiba,

Salaam nyingi. Huku wazima, mvua zimeanza na tope limerudi mahali pake. Shemeji yako anakusalimu, anauliza lile deni la kuku litalipwa mwaka gani. Najua nimekaa kimya, na wewe umekaa kimya, basi tusilaumiane. Nimeshika kalamu kwa sababu nina shida, na shida yenyewe ni maabara ya kompyuta.

Iko hivi. Alhamisi kidato cha tatu wameingia, kipindi cha dakika 40. Wakaandika majina na nywila, wakakaa wanatazama kile kiduara kikizunguka. Kikazunguka. Wengine wakaanza kusukana nywele. Kompyuta zenyewe nzima kabisa, ila kila mtoto ana profaili, yaani mafaili na mipangilio yake, inayomfuata popote anapokaa: akiingia, seva, ile kompyuta kuu, inamteremshia mzigo wake wote, akitoka, mabadiliko yanapandishwa tena. Sasa piga hesabu na wewe. Watoto 40, kila mmoja MB 300, hiyo ni GB 12. Swichi yetu, kile kisanduku kinachounganisha mashine zote kwa nyaya, ni ile ya megabiti 100 kwa sekunde, hata ikijitutumua haivuki MB 12 na ushei kwa sekunde, na wote wanapita mlango mmoja wa seva. Robo saa na zaidi imekwenda kabla sijasema fungueni Excel.

Na ndani ya hizo MB 300 kuna nini? Nilifungua ya binti mmoja, yeye mwenyewe amesimama pembeni. Deskitopu ina video ya send-off ya dada yake, wimbo mmoja nakala tatu, na insha ya Jiografia ya KB 40. Yaani KB 40 zinasafiri na msafara wa bwana harusi!

Hilo la kuchelewa ningelivumilia. Lisilovumilika ni umeme. Unakatika kengele inapolia, wakati wote wanatoka na profaili ziko njiani kurudi seva. Seva ina UPS, lile betri la akiba; swichi na mashine za watoto hazina. Baadhi zinaharibika. Siku ya pili mtoto anaambiwa ameingia kwa profaili ya muda, deskitopu nyeupe, naye hasomi ule ujumbe, nani anausoma? Anaandika kazi upya, anaihifadhi pale pale kwenye deskitopu, anatoka, inafutwa yote. Kijana mmoja wa kidato cha nne alinijia na macho mekundu, nikakosa la kumwambia.

Mimi dawa naijua, na wewe unaijua. Profaili moja ya wanafunzi wote, isiyobadilika: naitengeneza vizuri, NTUSER.DAT, lile faili linalotunza mipangilio ya mtumiaji, nalibadilisha jina liwe NTUSER.MAN, kwisha. Mtu akichezea rangi na picha za ukutani, akitoka vinarudi vilivyokuwa. Halafu Documents na Desktop nazielekeza seva, kila mtoto na folda yake, kikomo MB 200. Faili linakaa seva, halibebwi kwenda na kurudi. Umeme ukikatika anapoteza kile tu ambacho hakukihifadhi.

Lakini mkuu wa taaluma hataki. Anasema wazazi wamelipia kompyuta, kwa hiyo kila mtoto awe na kompyuta "yake". Ukimbana vizuri, "yake" maana yake ni picha ya ukutani. Nimeeleza, nimechora ubaoni. Akanijibu kwamba shule ya jirani kila mtoto ana yake. Shule ya jirani ina kompyuta nane!

Na sijakwambia kuhusu zile za mstari wa nyuma, za msaada. Bado zina Windows 7, za mbele zina 10 (ambayo nayo Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025, usinikumbushe). Kila Windows inataka profaili yake, kwa hiyo seva inamfungulia mtoto yule yule folda mbili, ya Windows 7 inaishia na .V2, ya 10 inaishia na .V6. Leo kakaa nyuma, kesho kakaa mbele, anaapa kwamba kaibiwa. Nimeshaamua kesi za wizi ambazo mwizi ni Windows. Nikizielekeza Documents seva, nyuma na mbele ataziona zile zile. Ndiyo maana nang'ang'ania hilo.

Walimu wenzangu ndio usiseme. Akaunti moja ya ofisi nzima, nywila imebandikwa juu ya printa, na maswali ya mtihani wa muhula yamo humo humo. Mama Rehema anasema kukumbuka nywila yake mwenyewe ni mateso.

Kwa hiyo naomba uje likizo ya Desemba, siku mbili tu, wewe mkuu wa taaluma anakuheshimu kwa sababu unatoka Dodoma na unavaa miwani. Kama huwezi, basi mpigie simu tu, ile hesabu ya GB 12 aisikie kwa mdomo mwingine.

Halafu nijibu haya. Ile swichi ya gigabiti mliyoitoa ofisini bado iko stoo au Mangi ameshaiuza? Walimu niwaachie profaili zinazowafuata, au nao niwafunge kwenye ile isiyobadilika? Na ile sera ya kufuta profaili za zamani mashine inapowashwa upya, kwenu inafanya kazi kweli? Huku diski za GB 120 zimejaa watoto waliomaliza shule, mashine inadai walitumia juzi. Nahisi antivirusi ndiyo inayogusagusa NTUSER.DAT zao. Mnafutaje, kwa mkono? Na majina ya akaunti mnaanza na mwaka wa kuingia au kidato? Mimi nataka mwaka, nisibadilishe kila Januari. Mama yako goti limepona?

Jibu kabla ya Ijumaa, kikao cha taaluma ni Ijumaa mchana na nimeomba dakika kumi.

Ni mimi swahiba wako